Profesa Aliyesoma Matundu

Nilipokuwa mdogo kule Mwamapalala niliumwa jino la nyuma siku nne, mpaka shavu likawa kama nimeficha kiazi. Mama alijaribu tumbaku, akajaribu mkojo wa ng'ombe, na vingine sivitaji kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma. Siku ya tano baba akanipeleka kwa mhunzi mmoja aliyeng'oa meno kwa koleo ileile ya kushikia majembe ya moto. Nililia kabla hajanigusa. Mbele yetu alikaa mzee mwembamba, kaptula ya kaki, soksi ndefu hadi magotini, na kalamu ameichomeka kwenye soksi. Alipong'olewa hakutoa sauti. Akaliomba jino lake, akalifunga kwenye karatasi, akachomoa kalamu kwenye soksi, akaandika, damu bado mdomoni.

Baba akashindwa kuvumilia, akamsalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba. Unaliandikia nini jino?"

"Siku lilipotoka," akasema yule mzee. "Kitu kikitoka bila kuandikwa, kesho watasema hakikuwepo."

Baba alicheka njia nzima ya kurudi. Mimi sikucheka, ulimi wangu ulikuwa kwenye pengo. Ulimi ndivyo ulivyo, meno mazima yote hauyajali, unakwenda palepale penye tundu. Hata leo nina mapengo saba na ulimi unayatembelea yote kwa zamu kama mganga wa mifugo.

Yule mzee alikuwa Shigela, karani wa baraza la mtemi. Watemi walipoondolewa yeye alibaki, akawa karani wa mahakama ya mwanzo, palepale, meza ileile. Mahakama ipi siitaji, yatosha kujua ni Bariadi. Miaka mingi baadaye, mimi kijana wa darasa la nne ninayechunga ng'ombe za watu, nilimkuta mnadani nikamkumbusha habari ya jino. Akaniuliza lilitoka siku gani langu. Sikujua. Akatikisa kichwa, lakini akaniambia mahakama inatafuta tarishi.

Ninyi mnaoanza kazi mahakamani sasa hivi na kompyuta zenu mtataka kujua nilipandaje vyeo. Sikupanda. Niliingia tarishi nikatoka tarishi. Baiskeli ndiyo niliyobadilisha, mara tatu.

Siku ya kwanza Shigela alinipa vitu vitatu: mfuko wa turubai wa kubebea samansi, pampu ya baiskeli, na ufunguo wa stoo. Kuhusu samansi alisema, "Ukifika kwa mtu usimpe karatasi kabla ya salamu. Salimia, kaa, kunywa maji, ndipo utoe. Mtu aliyekupa maji hawezi kukupiga." Hilo lishikeni, limeniokoa mara nyingi Sapiwi na mpaka kule Mkula. Kuhusu stoo alifungua mlango akanionyesha rafu ya juu, vitabu sita vikubwa vya baraza la zamani, jalada gumu, vizito kama matofali. Akasema, "Humu kuna watu. Usivikalie."

Sikuuliza watu gani. Kosa langu la kwanza ni hilo, na yote yaliyofuata yamezaliwa nalo. Shigela akastaafu, akafa, nikabaki na ufunguo.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Sabuni ikarudi madukani, mitumba ikajaa mnadani, na pamba, ambayo tangu nizaliwe ilinunuliwa na ushirika peke yake, ikaanza kununuliwa na watu binafsi waliokuja na malori yao na mizani zao. Hata salamu za ofisini zilibadilika. Jana ulikuwa Ndugu Masunga, leo Bwana Masunga, viatu ni vilevile. Ndipo kiangazi kimoja akashuka kwenye lori la pamba mtu mrefu, miwani imefungwa uzi, ndala miguuni, begi moja. Akauliza, "Mzee Shigela yuko?"

"Amefariki," nikasema.

Akakaa chini, pale pale kwenye ngazi. Huyo ndiye Profesa Lusajo, mtu wa Mbeya, mwalimu wa sheria wa chuo kikuu. Alisema alimjua Shigela zamani, yeye akiwa mwanafunzi, na sasa amekuja kusoma vile vitabu sita.

Mimi nilidhani profesa wa sheria anafundisha sheria mpya. Yeye alifundisha zilizokufa. Alitafuta watu walihukumianaje kabla hatujaambiwa tuhukumiane vipi. Hakimu wetu, mtu mcheshi mwenye tumbo, alimtania kila alipopita stoo: "Profesa, wenzako wanaandikia makampuni mikataba, wanajenga ghorofa. Wewe unasoma ng'ombe walioliwa zamani!"

"Waliliwa, Mheshimiwa," Profesa akajibu, "lakini hawajaisha kuzungumza."

Sasa niwaambie alivyofanya kazi, maana sijaona tena mtu wa namna ile. Kwanza alinawa. Beseni la maji na sabuni nyuma ya stoo, mikono hadi kwenye viwiko, kisha anaisimamisha juu mpaka ikauke yenyewe kwa upepo. Taulo hataki, kitambaa hataki, alisema vinaacha manyoya. Ndipo anaingia. Hakulamba kidole kufunua ukurasa hata mara moja. Ukurasa ulioliwa na mchwa aliuinua kwa kipande cha karatasi ngumu, polepole, kama mtu anayemgeuza mgonjwa. Alikuwa na kioo cha kukuzia, na alinusa wino. Naapa. Alininusisha na mimi. "Huu ulichanganywa na maji mengi, Bwana Masunga. Mwaka huo wino ulikuwa shida." Na akifungua ukurasa unaofuata, kweli utakuta karani amelalamika pembeni kwamba wino umekwisha. Mimi nimekulia kwa watu wanaosoma unyayo wa fisi, lakini mtu anayesoma harufu ya mwaka sikuwa nimemwona.

Na alisoma kwa mpangilio. Kiangazi kimoja kitabu kimoja, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, haruki. Kilichoandikwa Kisukuma nilimfasiria mimi, rangi za ng'ombe nilimfundisha mimi. Siku moja nilimwuliza kwa nini asichukue kwanza vile vya Shigela, yaani cha tano na cha sita, kama ndivyo alivyovifuata. Akasema, "Ukianza na nyama, ugali utaubakiza." Nikaona hiyo ndiyo hekima yenyewe. Nikaenda kumwambia mke wangu. Akaniuliza, "Na nyama ikioza je?" Wanawake wetu bwana.

Alikuja viangazi vinne, vitabu vinne. Alipoondoka mara ya nne alinishika mkono akasema, "Mwakani cha tano." Macho yake yalikuwa ya mtoto anayengoja sikukuu.

Basi mimi nikataka kumwandalia. Masika yale nilikishusha kitabu cha tano nikifute vumbi, nikakifungua. Mungu wangu. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na singa za mkia wa ng'ombe, zimefungwa uzi, zimechomwa pini, pini zimeota kutu. Ukurasa baada ya ukurasa. Jamani, mimi ni mtu wa kwetu. Singa zilizofungwa uzi zikachomwa pini kando ya jina la mtu, hizo kwetu zina maana moja. Nilisema, hawa watu walikuwa wanafunga kesi kwa dawa. Nikamwaza Profesa na mikono yake iliyonawa, anakishika hicho kitu. Hapana.

Nilizitoa zote. Siku tatu. Pini nilizitupa chooni, singa niliziweka kwenye kopo la maziwa, nikalizika nyuma ya stoo chini ya ua wa minyaa. Sikuzichoma moto, kwa sababu ukichoma singa ng'ombe wanakufa zizini. Kisha nikapangusa kurasa kwa kitambaa kikavu. Kitabu kikawa safi kama cha shule. Nilijisifu.

Kiangazi hicho ndipo ilipoletwa kesi ya Limi.

Limi alikuwa mjane wa Sapiwi, mama wa watoto watatu wa kiume, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Mumewe alikufa akaacha nyumba na shamba kando ya barabara. Wanunuzi wapya wa pamba wakalitamani shamba lile wajenge ghala lao. Limi akakataa. Shemeji yake, Ngasa, mdogo wa marehemu, akakubali kwa niaba ya ukoo. Akaja mahakamani akasema: kaka yangu hakutoa mahari ya huyu mwanamke. Ng'ombe ziliahidiwa, hazikufika. Ninyi mnajua mila yetu. Ng'ombe zisipofika, watoto ni wa ukoo wa mama yao, hawana chao kwa baba. Kwa hiyo Limi atoke na wanawe warudi Mkula kwao, na shamba ni la Ngasa.

Limi hakuwa na shahidi. Waliomwoza enzi zile na walioshuhudia wote wako ardhini. Akasema neno moja tu: "Iliandikwa barazani."

Hakimu akanituma kitabu. Nikakileta mwenyewe, kitabu cha tano, kisafi. Ukurasa ukapatikana. Juu pamesomeka vizuri: baba wa bwana harusi ameahidi ng'ombe kumi na moja. Chini, pale ambapo karani angeandika zimepokelewa, mchwa wamekula. Limebaki pindo tu upande wa mshono.

"Kitabu kimesema ahadi," hakimu akasema. "Hakikusema kufika."

Ngasa akacheka. Limi aliutazama ule ukurasa, akanitazama mimi, akauliza, "Baba, zile singa ziko wapi?"

Nilisema, "Singa gani, mayu, mama yangu?" Mtanisamehe. Au msinisamehe. Niliyoyasema ndiyo hayo. Kesi ikaahirishwa wiki moja.

Siku ya tatu Profesa akashuka kwenye lori. Akanawa, akakausha mikono kwa upepo, akaingia, akafungua kitabu cha tano. Nilisimama mlangoni ningoje sifa. Akafunua, akafunua tena, akachukua kioo. Akauliza bila kuinua uso, "Bwana Masunga, hapa palikuwa na nini?"

"Uchafu, Profesa. Nimekusafishia."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alivua miwani akaishika mapajani. Kisha akanieleza kwa sauti ndogo yale Shigela aliyomwambia akiwa mwanafunzi: ng'ombe aliyeahidiwa aliandikwa kwa wino, ng'ombe aliyefika na kuonwa kwa macho alikatwa singa za mkia, zikachomwa pini kwenye pindo. Wino ulikuwa maneno ya watu, singa zilikuwa ng'ombe mwenyewe. Hakuna baraza jingine alilosoma lililofanya hivyo, ila la Shigela peke yake.

"Mimi alinifanya kama mwanawe," nikasema. "Mbona hakuniambia?"

"Ulimwuliza?"

Nikakumbuka kesi ya Limi. Nikamwonyesha ukurasa wake. Akaukalia, sitanii, kuanzia asubuhi mpaka jua likahama dirishani. Alilichunguza pindo kwa kioo, akauinua ukurasa kwenye mwanga, akapitisha kucha bila kugusa. Mimi niliona karatasi tupu. Yeye aliona. Kila pini imeacha matundu mawili, ilipoingia na ilipotokea, na kati yake mstari mwembamba wa kutu. Alinionyesha moja, nami ndipo nikaona, kisha la pili, la tatu, kama nyota zinavyotokea jioni, ukishaona moja unaona zote. Mtu huyu alikuwa anasoma kitu ambacho hakipo.

"Hivi naweza kusimama niseme matundu haya ni ya nini," akasema. "Lakini lazima mtu mwingine aseme yalikuwa na kitu ndani, na kilitolewa na nani."

Nilijua maana yake. Tarishi aliyeharibu kielelezo cha mahakama anaweza kufungwa. Nilikuwa na watoto sita. Nilikwenda nyuma ya stoo nikautazama ule ua wa minyaa, nikamfikiria yule mama na wanawe watatu wamefunga mizigo. Nikachukua jembe.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilisimama mbele ya hakimu niliyemletea chai kila siku, mbele ya wazee wawili wa baraza wanaomshauri hakimu, nikasema yote. Kopo likafunguliwa. Singa za kitabu kizima, zimechanganyika, nusu zimeoza. Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Tarishi mchawi!" Mwingine akamjibu, "Angekuwa mchawi angezirudisha mahali pake."

Kisha Profesa akaeleza habari ya pini. Ngasa akasimama. "Mheshimiwa, huyu ni msomi wa chuo kikuu amesafiri kuja kutusomea matundu! Kwangu kuna chungio la pombe, tafadhali apite alisome na lenyewe!" Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, na hofu yote niliyokuwa nayo.

Profesa alingoja watulie. Hakimu akauliza, "Matundu ni mangapi?"

"Pini kumi, Mheshimiwa."

"Na zilizoahidiwa?"

"Kumi na moja. Ya kumi na moja hakuna. Nimeitafuta siku tatu."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwa nini hakusema kumi na moja? Nani angejua? Kioo kilikuwa chake, macho yake. Lakini mtu aliyesema ugali kabla ya nyama hawezi kuongeza tundu. Ngasa akapiga makofi. "Mmesikia! Hata matundu yao yamekataa! Mahari haikutimia!"

Mzee mmoja wa baraza akamgeukia Limi. "Mayu, unasemaje?"

Limi alisimama taratibu, akafunga khanga vizuri. "Kumi walifika. Wa kumi na moja alifia mtoni, maji yalikuwa mengi. Baba yangu aliletewa ngozi, akasema imetosha. Mtamba mweusi."

"Mweusi wapi!" Ngasa akaruka. "Mweusi wapi, shemeji! Yule alikuwa mwekundu, ana baka jeupe tumboni, pembe ya kushoto imelala! Mimi ndiye niliyemshika mkia maji yamenifika kifuani! Utanifundisha mimi rangi?"

Wageni hawataelewa. Msukuma utamtukana atavumilia, utamdhulumu atangoja, lakini ukimkosea rangi ya ng'ombe aliyemchunga mwenyewe, atafufuka kaburini akusahihishe.

Yule mzee wa baraza akauliza kwa upole kabisa, "Na wale kumi, Ngasa, mliwavusha salama?"

"Tuliwa..." Akafunga mdomo. Akakaa.

Siku za baadaye nilimwuliza Limi kama kweli alisahau rangi. Akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Ng'ombe za mahari yangu mwenyewe, baba?"

Hukumu ilisomwa mchana uleule: mahari ilifika, watoto ni wa baba yao, nyumba na shamba ni vya mjane na wanawe. Mimi nilipata barua ya onyo. Iko kwenye jalada langu hadi leo, na hiyo sikuisafisha. Limi alimletea Profesa jogoo, akamtafuta ukumbini, hayupo.

Nilimkuta nyuma ya stoo, kwenye beseni, ananawa. Miaka yote nilimwona ananawa kabla ya kazi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ananawa baada ya kazi.

"Profesa," nikasema, "kitabu cha tano hujakimaliza. Na cha sita kipo. Sijakigusa, naapa kwa mama yangu. Kilivyo na singa zake, ndivyo kilivyo."

"Najua."

"Nikushushie?"

Aliyatazama maji. "Nilikuwa nimeambiwa na Shigela mwenyewe, Bwana Masunga. Ningeweza kukifungua cha tano siku ile ya kwanza. Zote zingekuwa mahali pake."

"Lakini utaratibu, Profesa..."

"Ndiyo," akasema. "Utaratibu."

Akaitoa mikono kwenye beseni akaipangusa kwenye suruali, mbele na nyuma, kama mtu yeyote. Akachukua begi, akaniambia nimsalimie mke wangu, akaondoka na ndala zake. Barabarani malori ya wanunuzi yalikuwa yamepanga mstari na pamba imemwagika njia nzima, akaipita katikati, mrefu, hakugeuka. Nilidhani amekwenda kunywa soda. Nikamwaga yale maji, nikajaza mengine safi, nikakishusha kitabu cha sita nikakiweka mezani bila kukifungua, nikakaa mlangoni kumngoja.